Mwalimu Aliyeacha Kazi kwa Sababu ya Uwanja

Kila muhula wa pili unapokaribia, mjadala ule ule huzuka upya miongoni mwa walimu wa huku kwetu Kombani na pembe nyingine za Kwale. Je, saa ya michezo ibaki kuwa saa ya michezo, au watahiniwa waitumie kudurusu? Wazazi aghalabu huunga mkono kudurusu. Walimu wakuu nao, wakijua fika kwamba watapimwa kwa matokeo ya mtihani, huegemea upande wa wazazi. Mwalimu wa michezo hubaki peke yake, gozi kwapani, akitazamwa kama mtu anayewapotezea watoto wa wenzake wakati.

Mimi niko upande wa mwalimu huyo. Hata hivyo, sitamtetea kwa hoja za afya ya mwili na akili, kwani hizo zimeandikwa mno. Hakuna anayezipinga na hakuna anayezifuata. Nitamtetea kwa kusimulia maisha ya mwalimu mwingine, aliyefariki zamani na katika bara la mbali, ambaye jina lake hutajwa na kila anayeandika historia ya kandanda ya Amerika Kusini. Wanafunzi wetu wanawajua Maradona na Messi kama wajuavyo majina ya binamu zao. Huyu hawamjui.

Alexander Watson Hutton alizaliwa mjini Glasgow, Uskoti, tarehe 10 Juni 1853. Wazazi wake walifariki angali mtoto, naye akalelewa na kusomeshwa Edinburgh katika shule iliyoanzishwa kwa ajili ya mayatima. Kutoka hapo alipanda, ngazi kwa ngazi, hadi akahitimu Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mnamo Februari 1882 aliteremka bandarini Buenos Aires, Argentina, akiwa na umri wa miaka 28, kwenda kufundisha katika shule ya Waskoti iitwayo St Andrew's.

Yafaa tukumbuke Argentina ya siku zile ilikuwa nchi ya namna gani. Haikuwa koloni la Uingereza. Ilikuwa imejipatia uhuru kutoka kwa Wahispania miongo mingi iliyotangulia. Lakini reli, benki na biashara ya nyama zilikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa Waingereza, nao waliishi huko na makanisa yao, shule zao na michezo yao. Sisi wa pwani, tulioshuhudia reli ikianzia Mombasa mwaka 1896, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kandanda yenyewe ilikwisha kufika kabla ya Watson Hutton. Mwaka 1867 Mwingereza aitwaye Thomas Hogg aliwakusanya wenzake Buenos Aires, wakacheza mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza nchini humo. Lakini ulikuwa mchezo wa makarani na wafanyabiashara wa kigeni, wakicheza wao kwa wao siku za mapumziko, na watoto wa nchi wakitazama kwa mbali.

Basi mwalimu wetu hakuuleta mpira Argentina, ingawa wengi humpa sifa hiyo. Alichofanya ni kuuingiza darasani, na kwa maoni yangu hilo ni kubwa zaidi.

Hakukaa sana St Andrew's. Ubishi ulizuka baina yake na wakuu wa shule, na kiini chake kilikuwa uwanja. Watson Hutton aliamini kwamba mchezo ni sehemu ya masomo wala si pumziko baina ya masomo. Alitaka shule iwe na kiwanja cha kutosha na vifaa vya kuchezea; wenye shule hawakuona kwamba jambo hilo lastahili kutumiliwa fedha. Mwalimu akajiuzulu.

Msomaji mpenzi, hebu tulia kidogo hapo. Mtu huyu alikuwa mgeni, yatima asiye na ukoo wa kumkimbilia, katika nchi ambayo lugha yake hakuzaliwa nayo. Kazi iliyompeleka ng'ambo ndiyo hiyo aliyoiacha. Hakuiacha kwa ajili ya mshahara wala cheo. Aliiacha kwa kuwa wanafunzi wake hawakuwa na mahali pa kuchezea. Katika vyumba vya walimu nilivyowahi kukaa nimesikia sababu nyingi za watu kutaka kuacha kazi, na nyingi zilikuwa za haki kabisa, lakini hiyo sijaisikia.

Mwaka 1884 alifungua shule yake mwenyewe, Buenos Aires English High School. Humo michezo ilikuwa katika ratiba pamoja na hesabu na lugha. Mkewe, Margaret Budge, naye alikuwa mwalimu. Mwaka 1886 akawasili kutoka Uskoti msaidizi wake, William Waters, akiwa na mzigo wa mipira ya ngozi isiyotiwa upepo. Yasimuliwa kwamba maafisa wa forodha waliigeuzageuza ngozi hizo wasijue ni kitu gani wala waitoze ushuru gani. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi mno hata kikapata ladha ya ngano, lakini si vigumu kukisadiki.

Hapa nataka nirudi nyumbani kidogo, kwa sababu huku kwetu pia kandanda ilipitia mlango wa shule. Kule Unguja, vijana wa shule ya misheni ya Kiungani walikuwa wakiupiga mpira tangu karne ya 19. Huku Kenya, Carey Francis, mtaalamu wa hisabati kutoka Cambridge, alifika Maseno mwaka 1928, kisha akaiongoza Alliance tangu 1940 hadi 1962, na watu waliopita mikononi mwake walimkumbuka uwanjani kama walivyomkumbuka ubaoni. Ukizisoma habari za watu hawa utaona kuwa hakuna aliyedhani kwamba kiwanja ni ardhi iliyokaa bure. Ni sisi wa baadaye tulioanza kudhani hivyo. Mnamo Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walipotoka kudai uwanja wao uliokuwa umezungushiwa ukuta, walikutana na polisi na mabomu ya kutoa machozi. Picha zake zilienea duniani kote. Huku Kwale shule nyingi hazijapata hatimiliki za ardhi zao, na kila mwalimu mkuu anajua kwamba anayekuja kumega ardhi ya shule haanzii madarasani. Huanzia kwenye magoli.

Tuendelee na Mskoti wetu. Mwaka 1891 lilifanyika jaribio la kuendesha ligi mjini Buenos Aires, nayo ikadumu msimu mmoja tu. Ndipo tarehe 21 Februari 1893 Watson Hutton alipowakutanisha wenye timu, wakaunda chama kipya cha ligi, naye akawa rais wake wa kwanza. Chama cha kandanda cha Argentina, kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 1978, 1986 na 2022, huhesabu umri wake tangu siku hiyo. Mwanzilishi wake alikuwa mwalimu mkuu wa shule, ambaye bila shaka keshoye asubuhi alikuwa na daftari za kusahihisha.

Mwaka 1898 serikali ya Argentina iliamuru kwamba elimu ya viungo ifundishwe shuleni na kwamba shule ziunde klabu za michezo. Watson Hutton alikwisha kuitangulia amri hiyo kwa miaka 14. Klabu ya shule yake ikaundwa, ikiwachukua wanafunzi pamoja na waliokwisha kuhitimu, na mwaka 1900 ikatwaa ubingwa wa ligi. Mwaka uliofuata ikalazimika kubadili jina, kwani ligi ilikataza timu kubeba majina ya shule, ikidai kuwa hilo ni kujitangaza kibiashara. Wakachagua jina Alumni, neno la Kilatini lenye maana ya wanafunzi wa zamani.

Alumni, iliyovaa jezi za mistari ya nyekundu na nyeupe, ilikuwa timu ya kutisha. Kati ya 1900 na 1911, misimu 12, ilitwaa ubingwa mara 10. Mara mbili tu, 1904 na 1908, ndipo Belgrano walipoipokonya. Ndugu kadhaa wa ukoo mmoja, kina Brown, waliichezea pamoja, na mmoja wao, Jorge, akawa nahodha. Mtoto wa mwalimu mwenyewe, Arnoldo, aliichezea pia, na taifa la Argentina vilevile.

Lakini mechi ambayo msomaji wa Afrika yafaa aijue ni ile ya tarehe 24 Juni 1906. Mwaka huo timu kutoka Afrika Kusini ilivuka bahari kuzuru Amerika Kusini. Ilikuwa timu ya wazungu watupu. Wenye nchi hawakuhesabiwa. Wageni hao walicheza mechi 12, wakawacharaza wenyeji wao moja baada ya nyingine, mara nyingine kwa mabao yasiyosemeka. Walishindwa mara moja tu. Aliyewashinda ni timu ya wanafunzi wa zamani wa Watson Hutton, kwa bao 1-0 la Alfredo Brown.

Ukubwa huo haukudumu. Wachezaji walizeeka, vijana wa kujaza nafasi zao wakawa haba, na gharama za kandanda zikapanda huku klabu ikishikilia kwamba mchezo ni mchezo wala si ajira. Msimu wa 1912 Alumni haikucheza. Mwaka 1913 wanachama waliivunja rasmi, na fedha zilizosalia wakazigawia taasisi za hisani. Mwaka huo huo ubingwa ulichukuliwa na Racing Club, timu ya vijana wa Argentina ambao wengi wao walikuwa na majina ya Kihispania na Kiitalia. Wapo wanaoona katika jambo hilo kushindwa kwa Waskoti. Mimi naona kinyume chake. Mchezo uliokuwa wa makarani wa reli ulikuwa umekwisha kushika mizizi kwa wenye nchi, na ulipitia shuleni. Tazama majina yenyewe. Kule La Plata, vijana wasomi walianzisha klabu mwaka 1905, wakaiita Estudiantes, yaani wanafunzi, na jezi zao za mistari ya nyekundu na nyeupe ni kumbukumbu ya Alumni. Wao ndio waliokuja kuishinda Manchester United mwaka 1968 katika fainali ya mabara. Kule Rosario, wanafunzi wa mwalimu mwingine, Isaac Newell, Mwingereza aliyefungua shule yake mwaka ule ule wa 1884, waliunda klabu mwaka 1903 na kuipa jina lake: Newell's Old Boys. Katika timu za watoto za klabu hiyo ndimo alimolelewa Lionel Messi kabla ya kwenda Barcelona mwaka 2000.

Mtaala wetu wa umilisi umeweka mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu. Ni jambo jema, na sina nia ya kulibeza. Ninachouliza ni mkondo huo utafundishiwa wapi, ikiwa kiwanja kimegeuzwa bustani ya mahindi na saa yake imekabidhiwa mwalimu wa kemia. Kombani ni njia panda: magari ya Likoni, ya Ukunda na ya Kwale mjini hupishana hapa mchana kutwa, na jioni watoto hufukuza mpira wa matambara pembezoni mwa barabara kuu, malori yakiwapita ubavuni. Hawachezi hapo kwa kupenda.

Watson Hutton aliishi miaka mingi baada ya klabu ya wanafunzi wake kuvunjwa. Shule yake haikufa. Mwaka 1951 waliosoma hapo walilifufua jina la Alumni, safari hii kwa mchezo wa raga, na mwaka mmoja kabla ya hapo kisa cha mwalimu na timu yake kilikuwa kimetengenezewa filamu. Yeye mwenyewe alifariki Buenos Aires tarehe 9 Machi 1936, akiwa na umri wa miaka 82, akazikwa huko huko. Chama cha kandanda cha Argentina kina maktaba, na maktaba hiyo inaitwa kwa jina lake.