Paul Graetz

Paul Graetz (1875 – 1968) alikuwa afisa wa jeshi na msafiri kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kama mtu wa kwanza kuvuka bara la Afrika kwa motokaa, kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi Bahari Atlantiki, kati ya miaka 1907 na 1909.

Maisha ya awali

Graetz alizaliwa Zittau katika Saksonia. Alihudumu kama afisa wa jeshi la kikoloni katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanzania bara ya leo pamoja na Rwanda na Burundi. Huko aliifahamu hali ya njia za bara, akakusudia kuonyesha kwamba gari linaweza kupita pale ambapo watu walizoea kwenda kwa miguu.

Njia ya misafara

Katika karne ya 19 njia kuu ya biashara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora katika nchi ya Wanyamwezi, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wanyama wa kubebea mizigo walikufa kwa ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, hivyo pembe za ndovu, vitambaa na shanga zilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba, ya kutosha watu waliofuatana mmoja nyuma ya mwingine. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, lakini ilifika Tabora mwaka 1912 tu.

Safari ya motokaa

Graetz aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907. Gari lake lilitengenezwa kwa agizo maalumu katika kiwanda cha Gaggenau, Ujerumani, likiwa limeinuliwa juu ili lisigonge mawe na visiki. Alielekea magharibi kwa kufuata njia ya misafara upande wa Tabora, halafu akageuka kusini kuelekea mwisho wa Ziwa Tanganyika.

Hapakuwa na barabara wala kituo cha mafuta. Petroli ilibidi itangulizwe na wapagazi. Mito ilikosa madaraja, na kwenye matope na miinuko gari lilivutwa kwa kamba na wanakijiji. Injini ilipoharibika, safari ilisimama kwa muda mrefu kungoja vipuri kutoka Ulaya.

Kutoka hapo alipita maeneo ya Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini ya leo, kisha akavuka jangwa la Kalahari. Alifika Swakopmund, Namibia, tarehe 1 Mei 1909, baada ya siku 630. Mwaka 1910 alitoa kitabu kuhusu safari hiyo.

Safari ya mashua

Mwaka 1911 Graetz alianza kuvuka Afrika kwa mashua yenye injini, akitokea Quelimane, Msumbiji. Palipokosekana maji ya kutosha, mashua ilisafirishwa nchi kavu. Karibu na Ziwa Bangweulu, Graetz na mwenzake Mfaransa Octave Fière, aliyekuwa mpiga picha, walishambuliwa na nyati. Fière alifariki na Graetz alijeruhiwa vibaya. Hata hivyo aliendelea, akafika Atlantiki kwa njia ya mto Kongo mwaka 1912.

Umuhimu

Safari ya 1907–1909 ilithibitisha kwamba gari linaweza kuvuka bara, lakini pia ilionyesha kwamba bila barabara haliwezi kuchukua nafasi ya mpagazi. Mtu aliyetembea kwa miguu kutoka pwani aliweza kufika Tabora kwa takriban miezi mitatu, bila kungoja petroli wala kipuri. Gari lililokusudiwa kuwaondoa wapagazi njiani lilifika mbali kwa sababu wapagazi walilibebea mafuta na wanakijiji walilivuta.

Graetz alifariki nchini Ujerumani mwaka 1968.