Mtawa aliyesifiwa kwa mapovu asiyoyataka

KILA kizibo cha shampeni kinaporuka arusini, wapo wanaomshukuru Dom Pierre Pérignon, mtawa wa Ufaransa anayedaiwa kuvumbua mvinyo huo wenye mapovu. Lau angewasikia, angestaajabu, kwani mapovu hayo ndiyo aliyoyapiga vita kwa miaka mingi.

Alizaliwa mwaka wa 1638 mjini Sainte-Menehould, mwaka mmoja na Mfalme Louis wa 14. Akiwa kijana alijiunga na watawa Wabenediktini huko Verdun. Mnamo 1668 alihamia abasia ya Hautvillers, eneo la Champagne, akakabidhiwa maghala. Vita vilikuwa vimeichakaza abasia hiyo, na mapato yake yalitegemea mizabibu.

Champagne ni nchi ya baridi. Kipupwe kilipoingia, hamira ililala kabla mvinyo haujamaliza kuchachuka. Joto liliporejea, iliamka, na chupa za kioo dhaifu zikapasuka.

Dawa aliitafuta shambani. Alisisitiza mizabibu ipogolewe isizidi futi 3, izae kidogo lakini zabibu bora. Mavuno yalifanywa alfajiri, umande ungalipo, na zabibu zilizopondeka zikatupwa. Nyumbu na punda ndio waliobeba mzigo, si farasi, maana farasi ana papara. Alipendelea zabibu nyeusi za Pinot Noir, akizikamua upesi maganda yasitoe rangi, kwa kuwa aliona zile nyeupe zina tabia ya kuchachuka upya. Tena alichanganya zabibu za mashamba mbalimbali kabla ya kukamua. Kwa maoni yetu, ufundi huu ndio uliostahili kumpa jina.

Kuhusu mapovu, Mwingereza Christopher Merret alikuwa ameshaeleza jijini London mwaka wa 1662 jinsi wafanyabiashara walivyotia sukari katika mvinyo ili utoe povu. Pérignon alikuwa hajafika Hautvillers.

Alifariki Septemba 1715, mwezi ule ule aliofariki mfalme. Mapinduzi ya Ufaransa yaliifunga abasia. Mnamo 1821, mmoja wa watawa wake wa mwisho, Dom Groussard, aliandika barua iliyompa marehemu sifa za uvumbuzi, pengine kwa kuitakia heri nyumba yake iliyokufa. Wauzaji waliidaka hadithi hiyo, na mwaka wa 1936 shampeni yenye jina lake ikaingia sokoni. Mwenyewe amezikwa katika kanisa la Hautvillers.