Plaskett: Fundi wa vyuma aliyezipima nyota pacha majitu

Wadau, leo tumwangalie mzee mmoja wa Kanada, John Stanley Plaskett. Jina lake liko angani mpaka kesho, maana kuna nyota inaitwa Nyota ya Plaskett. Ila ukisikia alikotokea unaweza usiamini. Huyu bwana hakuanza kama msomi, alianza kama fundi.

Alizaliwa tarehe 17 Novemba 1865 huko Hickson, jimbo la Ontario, kwenye familia ya wakulima. Baba yake alipofariki, kijana akabaki shambani kusaidia nyumbani. Baadaye akaingia kwenye ufundi wa mitambo na umeme, akavuka mpaka Marekani kufanya kazi kwenye kampuni ya Edison. Kisha Chuo Kikuu cha Toronto kikamwajiri idara ya fizikia. Siyo kufundisha, la hasha! Kazi yake ilikuwa kutengeneza vifaa vya majaribio. Yaani wenzake wanasoma, yeye anachonga vyuma.

Sasa sikia. Akiwa anakaribia miaka 30, ana mke na mtoto, akajiandikisha kuwa mwanafunzi palepale chuoni. Akakaa darasa moja na vijana wadogo kabisa kwake, na mwaka 1899 akapata shahada ya hisabati na fizikia. Alikuwa na miaka 33.

Mwaka 1903 akaenda Ottawa, kwenye kituo kipya cha serikali cha kuchunguza nyota. Hapo ufundi wake ukaanza kumlipa, maana vifaa alikuwa anavielewa kuliko wasomi wengi. Akaisumbua serikali impe darubini kubwa mpaka ikakubali mwaka 1913. Kioo chake, chenye upana wa mita 1.83, kilitengenezwa Ubelgiji na kikapakiwa melini mwaka 1914, siku chache tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kulipuka. Wangechelewa kidogo, biashara ingeishia hapo. Darubini ikaanza kazi mwaka 1918 juu ya kilima karibu na mji wa Victoria, mkurugenzi akiwa Plaskett mwenyewe.

Mwaka 1922 ndipo kikatokea kitu cha ajabu. Kuna nyota hafifu jirani na kundi la Orion, kwa macho ni kidoa kimoja tu. Plaskett alipouchambua mwanga wake, akaona mistari ndani ya rangi zake inahama: mara upande wa bluu, mara upande wa nyekundu, halafu inarudi, kila baada ya siku 14 na ushee. Fikiria honi ya basi: likija sauti inakuwa kali, likishapita inashuka. Mwanga nao ni hivyohivyo. Maana yake pale kuna nyota mbili zinazungukana! Ukishajua kasi yao na muda wa mzunguko, unapiga hesabu ya uzito. Jibu la Plaskett lilikuwa kwamba zote mbili kwa pamoja zina uzito unaozidi Jua letu zaidi ya mara 100. Wakati ule hakuna aliyekuwa anajua nyota pacha nzito kama zile. Vipimo vya baadaye vimezibadilisha namba zake, na wataalamu bado wanabishana, lakini jina halijafutika.

Hakuishia hapo. Yeye na mwenzake Joseph Pearce walipima kasi za nyota nyingi na kuthibitisha kwamba galaksi yetu inazunguka. Mwaka 1930 Uingereza wakampa medali ya dhahabu ya chama cha wanaastronomia. Akastaafu mwaka 1935, akafariki tarehe 17 Oktoba 1941. Mwanawe Harry naye akawa profesa wa astronomia kule Oxford.

Kwa hiyo wewe uliyemaliza Form Four ukaishia gereji, unadhani shule imeshakupita, hesabu upya. Plaskett aliingia chuo akitokea karakana, na spana zake hazikumwangusha. Haya wadau, mnasemaje?