Msiri wa Bunkeya, kama mchezaji anavyomwokota

Mara ya kwanza nilikutana na Msiri ubaoni, katika shule ya msingi hapa Likasi. Alikuwa mistari minne: jina, nchi, mwaka wa kufa, na mtu aliyemwua. Nilinakili, nikapata alama zangu, nikamsahau.

Mara ya pili nilikutana naye maneti ikiwa mikononi mwangu, ingawa hakuwamo katika mchezo. Kaka yangu alikuwa ameleta Dark Souls, mchezo wa Kijapani wa 2011, nasi tuliucheza kila umeme uliporudi. Mchezo ule haukusimulii kitu. Mchezaji anaanza akiwa mfungwa katika dunia iliyokwisha kuharibika, na hakuna mzee anayekaa chini kumweleza kilichotokea. Anaokota pete, anasoma mistari mitatu: nani aliivaa, alimtumikia nani. Baada ya saa kumi anaokota upanga, na jina lile lile linarudi, safari hii likiwa la msaliti. Historia ya ufalme mzima imetawanywa katika vitu, katika magofu, na katika midomo ya watu wachache ambao kila mmoja anatetea upande wake. Mtunzi wake, Hidetaka Miyazaki, ameeleza kwamba utotoni alisoma vitabu vya Kiingereza asivyovielewa vizuri, akawa anajaza mapengo kwa kuwaza. Sisi tuliusoma mchezo kwa Kifaransa cha shule ya sekondari, tukafanya vivyo hivyo.

Wakati huo kambo wangu, mama wa mama yangu, alikuwa na msalaba mdogo wa shaba aliouweka sandukuni, umefungwa kitambaa. Si msalaba wa kanisa: mikono yake yote minne ni sawa. Niliuliza ni kitu gani, akanijibu ni pesa za zamani, akaufunga tena. Nikafikiri: hiki ni kitu kisicho na mistari yake mitatu. Mwaka jana, katika somo la uandishi, kundi letu la wanafunzi wanne lilichagua kutunga maandiko ya mchezo wa namna hiyo kuhusu Bunkeya. Hatukuwa na mtu wa kutengeneza picha wala programu. Tuliandika maneno tu, vitu kumi na viwili. Kila kitu kilituhitaji tujue maisha ya Msiri. Ninayaeleza hapa kwa utaratibu tuliofuata.

Tulianza na msalaba. Kabla ya Msiri, na kabla ya Mzungu yeyote, watu wa nchi hii walichimba malakiti wakati wa kiangazi, wakaiyeyusha kwa makaa katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakaimimina katika kalibu za msalaba. Shaba hiyo ilisafiri mbali. Kati ya walioifuata alikuwa Kalasa, mfanyabiashara Mnyamwezi kutoka upande wa Tabora, katika Tanzania ya leo. Mwanawe, aliyezaliwa karibu 1830, aliitwa Ngelengwa. Alifuata njia ya baba yake, na katika miaka ya 1850 akaja kukaa Katanga pamoja na watu wake. Hakuja na jeshi kubwa. Alikuja na bunduki chache, mahali ambapo bunduki zilikuwa hazijazoeleka.

Kitu cha pili kilikuwa bunduki yenyewe, na hapo kundi letu likagombana kwa mara ya kwanza. Mpande, mkubwa wa Wasanga, alishambuliwa na Waluba. Wageni wa Kinyamwezi wakapiga bunduki, Waluba wakarudi nyuma. Mpaka hapo wote tulikubaliana. Mpande alipokufa, Ngelengwa akashika mamlaka. Kwa Wayeke, ndio uzao wa wale wageni, alikabidhiwa alama za utawala na mzee aliyemshukuru. Kwa Wasanga, mgeni alikalia kiti cha mwenyeji wake. Mmoja wetu ni Myeke. Mimi kwa mama ni Msanga. Michezo ilitusaidia kutoka hapo. Katika Skyrim, mchezo mwingine wa 2011, nyumba na mapango vimejaa vitabu unavyoweza kufungua na kusoma, na vitabu hivyo vinapingana kuhusu vita vile vile na miungu ile ile. Mchezo haukwambii kipi ni cha kweli. Unakuonyesha tu ni nani anayesema, na kitabu kiko katika nyumba ya nani. Basi tukaandika bunduki mbili: moja inaokotwa katika nyumba ya Kiyeke, nyingine katika nyumba ya Kisanga, kila moja na mistari yake.

Karibu 1860 alikuwa tayari mtawala, akiitwa Mwenda Mushidi, jina ambalo wageni waliliandika Msiri. Nchi yake iliitwa Garenganze. Mwata Kazembe wa Luapula, aliyekuwa akidai mamlaka juu ya sehemu hii, alipoteza njia zake za kuelekea magharibi. Msiri aliziba nafasi hiyo. Mji wake mkuu ukawa Bunkeya, kaskazini ya Likasi, katika jimbo linaloitwa Lualaba leo.

Kwa Bunkeya tulihitaji ramani, kwa maana mchezo wa namna hii hufundisha mengi kwa njia unayotembea. Kutoka Bunkeya kulikuwa na njia mbili kubwa. Ya mashariki ilipita Tabora na kufika pwani ya Bahari ya Hindi, kwa wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu. Ya magharibi ilipita Bihé, kwa Waovimbundu, ikafika Benguela na bahari ya Atlantiki. Mtu mmoja katikati ya bara aliuza pande zote mbili. Vilitoka shaba, chumvi, pembe za ndovu na watu. Viliingia vitambaa, bunduki na baruti. Mafundi wa Kiyeke waliivuta shaba ikawa waya mwembamba wa bangili, kazi ambayo haikuishia kwenye msalaba tu.

Wake zake walikuwa wengi, na hawakuwa pambo. Wengine walitoka katika koo za machifu waliokuwa chini yake; kwa ndoa hizo alipata habari za kila pembe. Mmoja wao, Maria de Fonseca, alikuwa na damu ya Kireno na alimwunganisha na wafanyabiashara wa Angola. Lakini Bunkeya ilikuwa pia na mafuvu ya maadui juu ya miti, na adhabu kali. Wageni waliofika waliyaona na kuyaandika. Tuliyaweka mafuvu hayo katika maandiko yetu, kwa sababu mchezaji anayepita mlango wa mji lazima aone kile ambacho aliyeishi pale alikiona kila asubuhi.

Halafu rafu ya vitabu. Mwaka 1884 walipita Wareno Capello na Ivens, na Mjerumani Paul Reichard. Februari 1886 aliwasili mmisionari wa Scotland, Frederick Stanley Arnot, akakaa hadi 1888, na wenzake wakabaki baada yake. Kitabu cha Arnot cha 1889 kiliwafanya wasomaji wa Ulaya wajue kwamba katikati ya Afrika kuna mfalme mwenye shaba nyingi. Ukipanga rafu hiyo, utaona jambo moja: vitabu vyote ni vya Kiingereza, Kireno, Kijerumani au Kifaransa. Sauti ya Msiri imo ndani yake, lakini imeshikwa mikononi mwa wengine.

Sisi wanafunzi wa lugha tunapaswa kusimama kidogo katika 1890. Novemba mwaka huo Alfred Sharpe alifika na mkataba wa kuiweka Garenganze chini ya Waingereza. Msiri hakusoma Kiingereza, lakini hakutia alama yake kwa kuamini tu. Mkataba ulisomwa, ukafasiriwa, akaelewa kwamba anaombwa kuitoa nchi, akakataa. Kitu cha tisa katika orodha yetu ni karatasi hiyo isiyotiwa alama. Wafalme wengi wa wakati ule walipoteza nchi zao kwa karatasi ambazo hakuna aliyewafasiria. Yeye aliokolewa na tafsiri, kwa mwaka mmoja.

Mwaka huo mmoja ulikuwa mbaya. Wasanga waliasi, njia zikafungwa, baruti ikapungua, na njaa ikaingia Bunkeya. Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji ilituma watu: Paul Le Marinel, kisha Alexandre Delcommune. Msiri hakukubali kupandisha bendera yao. Mwishoni ulikuja msafara wa William Grant Stairs, mzaliwa wa Kanada, uliotoka pwani ya Zanzibar ukiwa na askari na wapagazi wasemao Kiswahili. Ulifika tarehe 14 Desemba 1891. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kujulikana Bunkeya kwa sababu ya biashara, na baadaye migodi ndiyo iliyokifanya kiwe lugha yetu ya nyumbani. Lakini si vibaya kukumbuka kwamba siku ile lugha hii tunayoisomea ilikuwa pia katika vinywa vya waliobeba bunduki.

Tarehe 19 Stairs alipandisha bendera juu ya kilima bila ruhusa. Usiku Msiri akaondoka kwenda kijiji cha jirani. Tarehe 20 Desemba, kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, alitumwa kumkamata. Alimkuta ameketi na watu wake. Msiri alichomoa upanga, Bodson akampiga risasi, na mtu wa Msiri akampiga Bodson. Wote wawili walikufa. Kichwa cha Msiri kilikatwa na kuonyeshwa hadharani. Wayeke wanasema kilichukuliwa ndani ya debe, na kwamba kiliwaletea kifo waliokibeba, hakikurudi Bunkeya. Stairs mwenyewe alikufa kwa malaria huko Chinde, Msumbiji, Juni 1892, kabla ya kufika kwao. Mukanda Bantu, mwana wa Msiri, alikubaliwa kuwa mtawala wa sehemu ndogo tu ya nchi ya baba yake. Yeye ndiye aliyeacha kumbukumbu za ukoo kwa lugha ya hapa, na kwa hizo rafu yetu ikapata kitabu kimoja kutoka ndani ya nyumba.

Hapa ndipo nilipoona kwamba mchezo na nchi yangu havifanani kabisa. Katika mchezo, pengo limewekwa makusudi. Mtunzi anajua kilichokuwamo. Amekificha ili nipate raha ya kukitafuta. Kichwa cha Msiri hakikufichwa na mtunzi. Kilichukuliwa. Nikijaza pengo hilo kwa kuwaza, kama tulivyofanya na kaka yangu mbele ya televisheni, sichezi tena. Ninaongeza kitabu kingine cha uongo katika rafu.

Na kuna jambo jingine. Wawili katika kundi walitaka Msiri awe shujaa, kwa sababu alikataa bendera. Wa tatu alitaka awe adui wa mwisho, yule anayepigwa mchezo unapokaribia kuisha, kwa sababu ya watu aliowauza. Sikujua niseme nini. Jumamosi moja nilimpelekea kambo maandiko yetu, nikamsomea vitu vyote kumi na viwili, nikigeuza maneno magumu yawe Kiswahili cha nyumbani. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. Kisha akaniuliza wale waliofungwa na kupelekwa njiani wako katika kitu kipi. Nilitazama karatasi. Walikuwa wametajwa ndani ya ramani, neno moja, kati ya pembe za ndovu na vitambaa.

Nilirudi kwa wenzangu nikawaambia hatutaamua kama ni shujaa au adui. Yule aliyekataa karatasi ya Sharpe ni yule yule aliyeuza watu kwa baruti, na mchezo unaomgawa vipande viwili unamdanganya mchezaji. Tuliongeza kitu cha kumi na tatu: kongwa, mti wenye panda uliofungwa shingoni mwa mateka. Mistari yake mitatu inasema ulibebwa kutoka Bunkeya kwenda magharibi, kwamba baruti ndiyo iliyokuwa bei, na kwamba jina la aliyeubeba halimo katika kitabu chochote cha rafu. Mwenzetu Myeke ndiye aliyeuandika mstari wa tatu. Hatukumwomba, aliichukua karatasi akaandika.

Kambo alinipa ule msalaba mwezi wa Desemba, wakati Wayeke wanapomkumbuka Msiri kule Bunkeya. Uko mezani kwangu ninapoandika haya. Nimeuandikia mistari yake mitatu, na wa kwanza unataja wachimbaji.