SHABIKI ALIYEKWENDA KWA MIGUU

Wapo watu wanaodai kwamba wanampenda mwanamuziki fulani kufa kupona, lakini akija kupiga muziki mji wa pili hawatoki nyumbani, ati nauli imepanda. Huyu ninayekuletea leo hakuwa na nauli, wala hakukuwa na matatu za kupanda. Jina lake ni Johann Sebastian Bach. Wanakwaya wetu wamelisikia jina hilo, na walimu wa muziki hawachoki kulitaja. Wengi humjua kwa ile picha ya uzeeni: mtu mnene, nywele nyeupe za bandia, uso umekazwa kama wa mwalimu wa zamu. Mimi nataka tumwangalie akiwa kijana wa miaka 20, miguu imejaa vumbi.

Alizaliwa Machi 1685 mjini Eisenach, Ujerumani. Ukoo wao ulikuwa wa wanamuziki tangu mababu, na babake alikuwa mpiga muziki wa mji. Lakini dunia haikumpa mtoto huyu muda wa kudeka. Mama alifariki mwaka wa 1694, na mapema 1695 baba naye akamfuata. Sebastian alikuwa hata hajatimiza miaka 10. Akachukuliwa na kakake mkubwa, Johann Christoph, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa katika mji mdogo wa Ohrdruf.

Kaka huyo alikuwa na kitabu chenye muziki wa mabingwa wa wakati huo, amekifungia kabatini, na mdogo wake hakuruhusiwa kukigusa. Mlango wa kabati ulikuwa wa kimia. Basi yasimuliwa kwamba usiku, watu wakishalala, Sebastian aliupenyeza mkono wake mdogo kwenye kimia, akakikunja kile kitabu na kukivuta nje, kisha akakaa kunakili kwa mwanga wa mbalamwezi, maana hata mshumaa hakuwa nao. Kazi hiyo ilimchukua miezi 6. Alipokuwa amemaliza tu, kaka akagundua na kumnyang'anya nakala yote. Jamani! Kitabu hakikupungua hata ukurasa mmoja kwa kunakiliwa. Kwa maoni yangu, hapo kaka alikosa utu, hata kama ndiye aliyemlisha.

Mwaka wa 1700, akikaribia miaka 15, Sebastian alikwenda Lüneburg, zaidi ya kilomita 300 upande wa kaskazini. Huko palikuwa na shule ya kanisa iliyowapokea wavulana maskini wenye sauti nzuri, wakaimba katika kwaya na kusoma bure. Na kama kilomita 50 kutoka hapo ulikuwapo mji mkubwa wa Hamburg, na ndani ya Hamburg alikuwamo Johann Adam Reincken, bingwa wa kinanda. Kijana akawa anakwenda kumsikiliza, kwa miguu, kila alipopata nafasi.

Kuna kisa kimoja ambacho, inasemekana, Sebastian mwenyewe alipenda kukisimulia uzeeni. Siku moja akirudi kutoka Hamburg, fedha zilimwishia njiani. Akaketi nje ya nyumba ya wageni, njaa inamuuma, harufu ya mapishi inamtesa puani. Mara dirisha likafunguliwa na vichwa viwili vya samaki vikatupwa nje. Hakuona aibu, akaviokota. Lo! Kila kichwa kilikuwa na sarafu ya dhahabu ya Denmark ndani yake. Nani aliyeziweka humo hakujulikana kamwe. Kijana akanunua chakula cha kushiba, na zilizobaki hakununua kanzu wala viatu. Aliziweka za safari nyingine ya kwenda kumsikia Reincken. Hapo msomaji umeshamjua ni mtu wa namna gani.

Mwaka wa 1703, akiwa na miaka 18 tu, aliajiriwa kuwa mpiga kinanda wa Kanisa Jipya mjini Arnstadt. Kinanda kilikuwa kipya na kazi haikuwa nzito. Shida ilikuwa watu. Wanafunzi aliotakiwa kuwafundisha kuimba na kupiga ala walikuwa wakaidi, wengine wakimzidi umri, na yeye naye ulimi wake haukuwa na breki. Alimdharau mmoja wao, mpiga zumari kubwa, kwa upigaji wake mbaya. Usiku mmoja wa Agosti 1705 walikutana barabarani, mwanafunzi ana fimbo, Sebastian akachomoa upanga. Nusura wauane, wenzao wakawatenganisha.

Miezi miwili baadaye, Oktoba, aliomba ruhusa ya wiki 4. Alitaka kwenda Lübeck, karibu na Bahari ya Baltiki, kumsikia Dieterich Buxtehude, mpiga kinanda wa Kanisa la Mtakatifu Maria tangu mwaka wa 1668. Mzee huyo alikuwa akikaribia miaka 70, na hakuna aliyemfikia katika nchi zote za kaskazini. Wakubwa wakakubali. Sebastian akamwachia kazi binamu yake, akashika njia. Ni kilomita 400 hivi. Kwa sisi, ni kama mtu atoke Nairobi kwa miguu, apite Voi, na bado aendelee kuelekea Mombasa. Tena hiyo ilikuwa miezi ambayo huko kwao baridi inaanza kuuma.

Alichokifuata ni hiki. Kila mwaka, Jumapili kadhaa kabla ya Krismasi, Buxtehude alipiga muziki jioni baada ya ibada: waimbaji, fidla, tarumbeta na kile kinanda chake kikubwa, ndani ya kanisa lenye dari refu la kushangaza. Wafanyabiashara wa mji ndio waliogharamia, na watu wakaingia bila kulipa. Mwaka huo wa 1705 kulikuwa na la zaidi. Mfalme Mkuu Leopold I alikuwa amefariki na mwanawe Joseph I kurithi kiti, kwa hiyo tarehe 2 na 3 Desemba Buxtehude alitoa muziki wa pekee, siku ya kwanza wa maombolezo, ya pili wa shangwe. Maneno yake yamehifadhiwa mpaka leo, lakini muziki wenyewe umepotea.

Wiki 4 zikaisha. Sebastian hakurudi. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukaingia, na kule Arnstadt wanamngoja. Labda mtu atauliza kwa nini basi asihamie Lübeck kabisa. Kulikuwa na sharti. Aliyetaka kumrithi mzee alipaswa kumwoa bintiye, Anna Margareta, kama mzee mwenyewe alivyokuwa amemwoa binti wa mtangulizi wake. Mwaka wa 1703 Handel na mwenzake Mattheson walikuja kuitazama nafasi hiyo, waliposikia habari ya ndoa wakarudi walikotoka. Bach naye hakuichukua.

Alirejea Arnstadt mwanzoni mwa Februari 1706. Tarehe 21 akaitwa mbele ya baraza la kanisa. Alikuwa wapi? Akajibu kwamba alikwenda Lübeck kujifunza mambo ya sanaa yake. Wakamkumbusha kuwa aliomba wiki 4 naye akakaa mara 4 ya hizo. Akasema alitumaini binamu yake aliifanya kazi vizuri. Kisha wakatoa la pili: tangu zamani huchanganya sauti za ajabu ajabu katika nyimbo za ibada, hata waumini wanapotea. Kwa haki, wazee hao hawakuwa wabaya. Walimlipa, naye akawatoroka. Lakini wakati wote huo Buxtehude alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja na miezi michache tu. Alifariki Mei 1707. Shabiki angengoja kupata ruhusa ndefu ya halali, pengine angelikuta kaburi.

Mwaka huo huo Sebastian aliuhama mji wa Arnstadt. Mengine yanajulikana: Weimar, Köthen, kisha Leipzig kuanzia 1723 mpaka alipofariki tarehe 28 Julai 1750, baada ya kuzaa watoto 20 kwa wake wawili, wa pili akimwoa baada ya kufiwa na wa kwanza. Lakini tabia ya kufuata wanamuziki haikumtoka. Mwaka wa 1719 alisafiri mpaka Halle kumwona Handel, waliyezaliwa naye mwaka mmoja, akafika siku ile ile ambayo Handel alikuwa ameondoka. Hawakuonana kamwe.

Kanisa la Lübeck lilichomwa kwa mabomu Machi 1942, vinanda vikateketea. Hata hivyo mwaka wa 2006 ilitangazwa kwamba katika maktaba moja ya Weimar, iliyokuwa imeungua miaka miwili kabla, wataalamu wamepata karatasi kuukuu zilizonusurika. Moja ilikuwa muziki wa Buxtehude, umenakiliwa kwa herufi ndogo ndogo. Mwandiko ni wa Sebastian, wa wakati ule alipokuwa bado mtoto nyumbani kwa kakake.