Shekhar Mehta, mukimbizi aliyeshinda Safari mara tano

Hapa kwetu Lac Vert, mvua ikinyesha, barabara inayokwenda Sake inakuwa kama shule. Vijana wanasimama kando ya garaji wakitazama namna magari yanapita juu ya makoro na ndani ya matope, na mabishano yanaanza palepale. Toyota ao Nissan? Mitsubishi ao Subaru? Gari gani iko na moteri ya nguvu, gari gani inakimbia, gari gani inavumilia? Kila mutu iko na yake, na hakuna anayekubali kushindwa.

Siku moja nilikuwa ninatoka mukutano wa sendika yetu ya wachimbaji, nikasimama pale kuwasikiliza. Nikawauliza kama wanajua jina la Shekhar Mehta. Hakuna hata mumoja aliyelijua. Basi niliona haya kidogo kwa ajili yetu sisi wakubwa, sababu hayo mabishano yao yalianza zamani, tena hapa jirani, na huyo bwana njo alikuwa katikati. Njo maana ninaandika leo maisha yake.

Shekhar Mehta alizaliwa tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka 1945 inchini Uganda, katika familia ya Wahindi wenye mashamba makubwa. Hakuwa mutoto wa maskini, hiyo tuiseme mapema. Uganda ilikuwa chini ya Waingereza, na utawala ule uliwapanga watu kwa rangi: Muzungu juu, Muhindi katikati na biashara yake, Mwafrika chini na jembe. Mehta alikulia upande ule wa katikati. Alipenda magari tangu ujana, na alipopita miaka ishirini akaingia mu mashindano.

Mashindano yenyewe yalikuwa Safari Rally. Yalianza mwaka 1953, Waingereza wakisherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua kubwa ikiwa imeanza. Hayakuwa mashindano ya kuzunguka kiwanja kilichofungwa. Mashofere walipita barabara ya watu wote, muchana na usiku, kilometa elfu kadhaa, wakikutana na ng'ombe, mabasi, mito iliyojaa na udongo mweusi unaoshika gurudumu kama gundi. Mu kila kituo kulikuwa saa. Ukichelewa dakika moja unaandikiwa alama moja ya makosa. Mwenye makosa kidogo njo mushindi. Lakini wengi hawakufika hata mwisho: mwaka 1968 magari 93 yaliondoka, na 7 tu njo yalirudi.

Mu hiyo vita njo Wajapani waliingia. Wakati ule watu wengi hawakuziamini gari za Japani. Waliamini za Uingereza, za Ujerumani na za Ufaransa. Nissan, iliyokuwa inauza kwa jina la Datsun, ilileta gari zake Safari mwaka 1963. Sababu iko wazi: gari ikimaliza Safari, mukulima wa kahawa na mufanyabiashara wa sukari wataiona kwa macho, haitahitaji tena maneno mingi ya kuiuza.

Kwao Japani viwanda vilikuwa tayari vinapigana juu ya gari za mbio. Mwaka 1967 Toyota ilianza kuuza 2000GT, gari ya kupendeza na ya bei kali, lakini walitengeneza 351 tu, kisha wakaacha. Nissan ikajibu mwaka 1969 kwa njia mbili. Ilitoa Skyline GT-R kwa ajili ya viwanja vya mbio vya Japani, na tena ikatoa gari ndefu ya mbele, yenye silinda sita na moteri ya lita 2.4, wakaiita 240Z. Hiyo haikuwa ya matajiri peke yao. Marekani iliuzwa karibu dola 3,500, na watu waliinunua kwa wingi. Lakini gari ya mbio iliyozoea lami, itafanya nini mu matope ya Afrika? Hilo njo ulizo lililobaki, na Nissan iliamua kulijibu Safari.

Mwaka 1970 Edgar Herrmann, shofere wa Kenya, alishinda na Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 alishinda tena, sasa na 240Z. Nyuma yake, nafasi ya pili, alikuwa Shekhar Mehta, naye ndani ya 240Z. Kijana wa Uganda alikuwa amefika karibu na mulango. Mwaka 1972 mulango ukafungwa: Hannu Mikkola wa Finland alishinda na Ford Escort, akawa mutu wa kwanza kutoka mbali kushinda Safari.

Kisha likaja jambo kubwa kuliko magari. Mwezi wa 8 mwaka 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke Uganda, na aliwapa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu walifunga mizigo. Waliacha nyumba, maduka, viwanda na mashamba. Familia ya Mehta ilipoteza mali yake, na Shekhar akakimbilia Kenya.

Wako watu wanaosema hata leo kwamba ilikuwa haki, sababu Wahindi walikuwa wamekamata uchumi. Mimi ni mutu wa sendika, ninajua mufanyakazi anavyoumia chini ya tajiri. Lakini angalia kilichofuata. Mashamba na maduka waligawiana wakubwa na askari. Viwanda vilikufa, sukari ikapotea mu inchi iliyokuwa inaitengeneza kwa wingi, na mufanyakazi mweusi aliyedhani amepata uhuru akapoteza hata ule mushahara mudogo. Kufukuza mutu sababu ya kabila lake ao rangi yake hakujaza sahani ya mutu mwingine. Sisi wa Kivu tunapaswa kulijua hilo kuliko watu wote.

Turudi kwa Mehta. Pasaka ya mwaka 1973 ilimukuta Nairobi, miaka 27, bila inchi aliyozaliwa. Mwaka ule Safari iliingizwa mu mashindano ya dunia ya rally, yaliyokuwa yanaanza mara ya kwanza. Mehta alipanda 240Z pamoja na Lofty Drews, aliyekuwa anamusomea njia. Magari yalivunjika mumoja mumoja, na mwishoni wakabaki wawili wanaofukuzana, wote wa Datsun: Mehta, na Harry Källström wa Sweden ndani ya Datsun 1800 SSS. Walipofika mwisho na kuhesabu, makosa yalikuwa sawasawa, dakika kwa dakika. Wakafungua sheria. Sheria ilisema kwamba wakilingana, anashinda yule aliyekwenda mbali zaidi bila kosa tangu mwanzo. Huyo alikuwa Mehta. Mukimbizi wa miezi michache akawa mushindi wa Safari.

Nimefikiri sana juu ya ile sheria. Haikumupa ushindi mwenye kukimbia zaidi mwishoni. Ilimupa yule aliyejitunza tangu mwanzo, wakati hakuna mutu aliyejua kwamba ile dakika itahesabiwa.

Sasa musifikiri Nissan ilipumzika. Mwaka 1974 Mitsubishi ilileta Lancer 1600 GSR, gari ndogo na nyepesi, na ikaiweka mu mikono ya Joginder Singh, Singasinga wa Kericho, fundi aliyejua kutengeneza gari kwa mikono yake. Singh akashinda. Mwaka 1976 alishinda tena, na Mitsubishi ikachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Tazama mambo ilivyokuwa: kampuni mbili za Japani zinapigana mbele ya dunia nzima, na wapiganaji wao ni watoto wawili wa Kihindi waliozaliwa hapa Afrika ya Mashariki. Peugeot na Ford nao walirudi na kushinda katika miaka hiyo. Mehta hakushinda kitu Safari tangu 1974 mupaka 1978. Wengi wangesema amekwisha.

Hakukwisha. Mwaka 1979 alirudi na Datsun 160J, ile wanayoita pia Violet. Kwa macho haikuwa gari ya kushangaza: ya milango mine, ya umbo la kawaida, kama ya mwalimu ao ya mufanyakazi wa ofisi. Pembeni yake alikaa Mike Doughty. Walishinda mwaka ule mbele ya Mikkola aliyekuwa na Mercedes yenye moteri kubwa. Mwaka 1980 walishinda tena. 1981 tena, na Rauno Aaltonen wa Finland, wa Datsun kama wao, akawa wa pili kama mwaka uliotangulia. 1982 tena, mara hii wakimuacha nyuma Walter Röhrl wa Ujerumani, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka uleule. Mara ine mufululizo, na ukiongeza ile ya 1973, mara tano. Wakati ule hakuna mutu mwingine aliyekuwa ameshinda Safari mara tano.

Alifanya namna gani? Hakuwa peke yake mwenye mbio. Wazungu waliokuja kutoka Ulaya walikuwa na mbio kumupita. Lakini Mehta alijua kuhurumia gari. Alijua jiwe lipi litakata pine, mutoni gani maji yanadanganya, saa ngapi ya kukaza na saa ngapi ya kupunguza vitesi. Mutu anayesukuma chukudu yenye mizigo kutoka mulimani ananielewa vizuri: si nguvu ya kushuka njo inakufikisha sokoni, ni kujua wapi utafunga breki.

Tena kulikuwa mafundi. Kila gari ya Datsun ilikuwa na watu waliongojea kando ya barabara, usiku, mu mvua, na piyesi, na mafuta, na funguo. Gari ilifika imevunjika, dakika chache ikaondoka nzima. Karatasi ya matokeo inaandika shofere, anayemusomea njia, na kampuni. Mafundi hawamo. Mimi niko nalo mu roho hilo jambo, sababu nasi wachimbaji tuko vile. Koltani inayotoka kwetu inatoa tantalum, na tantalum inaingia mu vyombo vidogo vya umeme, hata vya magari ya leo. Gari inapigiwa makofi, aliyechimba hajulikani. Simwondolei Mehta heshima yake. Ninasema tu kwamba ushindi wowote uko na mikono mingi.

Baada ya 1982 vita ilibadilika sura. Sheria mupya ziliruhusu gari za nguvu sana. Nissan ilimupa Mehta 240RS, gari nzuri, lakini bila turbo. Toyota, iliyokuwa nyuma muda mrefu, ikaleta Celica yenye turbo, ikashinda 1984, 1985 na 1986 mufululizo. Zamu ya Datsun ilikuwa imepita, na zamu ya Toyota imeanza. Mehta aliendelea kushindana katika inchi nyingine pia, mara kadhaa mke wake Yvonne akikaa pembeni kumusomea njia. Mwaka 1987 alipata ajali mbaya sana mu jangwa la Misri, akaponea chupuchupu. Hapo mbio zake ziliisha.

Lakini hakuacha kazi. Aliingia mu uongozi wa FIA, shirika linalosimamia mashindano ya magari duniani, akafika kuongoza kamisheni ya rally. Yule aliyefukuzwa inchi yake akawa mumoja wa wanaoandika sheria ambazo mashofere wa dunia nzima wanazifuata. Alikufa London tarehe 12 mwezi wa 4 mwaka 2006, miaka 60. Safari yenyewe ilikuwa imetoka mu mashindano ya dunia tangu 2002. Ilirudi mwaka 2021, na Toyota njo inatawala sasa.

Ndugu wasomaji, sitaki kuwadanganya. Mehta alipokimbia hakulala ndani ya hema juu ya makoro kama ndugu zetu wa Masisi tuliowaona hapa Lac Vert. Alikuwa na elimu, na marafiki, na jina, na kampuni iliyongojea kumupa gari. Mutoto wa kambi hana ile gari ya kumungojea. Hiyo tofauti ni kubwa, na wakubwa wetu wasijifiche nyuma ya maisha ya mutu mumoja kusema kwamba kila mukimbizi anaweza kujitafutia.

Ila kuna kitu kimoja ambacho si cha tajiri wala cha maskini. Mutu alinyanganywa nyumba mwaka 1972, na mwezi wa 4 wa mwaka uliofuata alikuwa njiani, anahesabu dakika zake moja moja, bila kupoteza hata ya kwanza. Nimeona wamama waliotoka Masisi wakifanya vilevile: hema halijakauka, na tayari wamepanga ndizi tatu na chumvi kidogo juu ya gunia, wanauza.

Kwa vijana wa garaji sasa. Mabishano yenu yaendelee, hayana ubaya. Lakini siku ingine mukibishana Toyota ao Nissan, mukumbuke kuuliza pia nani alikuwa ameshika volan, na nani alikuwa chini ya gari na funguo mu mukono.