Alan Turing, aliyetaka mashine ifundishwe kama mtoto

Alan Turing alifariki tarehe 7 Juni 1954, mwezi mmoja kamili kabla ya TANU kuanzishwa Dar es Salaam. Hakuwahi kuona simu ya mkononi. Kompyuta aliyoitumia katika Chuo Kikuu cha Manchester ilijaza chumba. Lakini mkulima wa Songambele anapoelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo, na simu ikamtajia ugonjwa, anatumia wazo ambalo Mwingereza huyu aliliandika zaidi ya miaka 70 iliyopita. Leo linaitwa akili unde. Wengine husema akili bandia au akili mnemba.

Alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni India. Wazazi walipokuwa huko, Alan na kaka yake waliachwa Uingereza wakilelewa na mwanajeshi mstaafu na mkewe. Shuleni hakuwa kipenzi cha walimu. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, daftari zilijaa madoa ya wino, na hesabu alizipata kwa njia zake mwenyewe. Ubishi wake ulionekana mapema. Mwaka 1926, muhula wa kwanza wa sekondari yake huko Sherborne ulipoanza, treni zilikuwa zimesimama kwa sababu ya mgomo mkuu wa wafanyakazi. Alikuwa na miaka 13. Alipanda baiskeli kutoka bandari ya Southampton, karibu kilometa 100, akalala njiani usiku mmoja na kufika.

Hapo shuleni alipata rafiki wa kweli, Christopher Morcom, kijana aliyependa sayansi kama yeye. Morcom alifariki Februari 1930 kwa kifua kikuu cha ng'ombe, alichokipata utotoni kwa kunywa maziwa yenye vimelea. (Kwa sisi tunaoishi na ng'ombe, hilo si jambo la Ulaya wala la zamani. Maziwa yachemshwe.) Msiba huo ulimfanya Turing ajiulize akili ya mtu inakaaje ndani ya mwili, na mwili ukifa akili inakwenda wapi. Swali la akili halikumtoka tena.

Mwaka 1931 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hisabati, na mwaka 1936 akaandika andiko lililompa jina. Wakati ule neno la Kiingereza tunalolitamka kompyuta lilimaanisha mtu, karani wa kupiga hesabu kwa kalamu na karatasi. Turing alimtazama karani huyo akajiuliza anafanya nini hasa. Akabuni mashine ya kufikirika tu, yenye utepe mrefu wa karatasi uliogawanywa katika visanduku. Mashine inasoma kisanduku kimoja, inaandika au inafuta, inasogea kushoto au kulia, kwa kufuata kanuni ilizopewa. Kisha akaonyesha kwamba mashine moja inaweza kufanya kazi za mashine nyingine zote za aina hiyo, mradi maagizo yake yaandikwe kwenye utepe. Simu yako inapiga hesabu, inatuma pesa na kucheza muziki kwa sababu hiyo. Kifaa ni kimoja, maagizo ndiyo yanayobadilika.

Vita vya Pili vilipoanza Septemba 1939, aliitwa Bletchley Park, kituo cha siri cha kufumbua ujumbe wa adui. Wajerumani walikuwa na mashine ya kuficha maandishi iliyoitwa Enigma. Wanahisabati wa Poland walikuwa wameshaifumbua miaka ya 1930 na kuwapa Waingereza siri yake. Sifa hiyo ni yao, ingawa filamu nyingi huwasahau. Wajerumani walipozidi kuibadilisha, Turing alibuni mashine ya kutafuta funguo za kila siku, naye Gordon Welchman akaiboresha. Turing mwenyewe alijikita kwenye ujumbe wa nyambizi zilizokuwa zikizamisha meli za chakula.

Kazi ya aina hiyo ilifika hadi pwani yetu. Wajapani waliposhambulia Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, Aprili 1942, Waingereza waliokuwa wakisikiliza redio za Wajapani kutoka huko walihamishiwa Mombasa, kwenye jengo la shule ya Allidina Visram. Kituo kikaitwa Kilindini. Turing hakukanyaga Mombasa, lakini kituo hicho kilikuwa tawi la Bletchley.

Wenzake walimwona mtu wa ajabu. Kikombe chake alikifunga kwa mnyororo kisiibwe. Msimu wa chavua, iliyokuwa ikimletea mafua, aliendesha baiskeli akiwa amevaa kinyago cha kujikinga na gesi ya sumu. Alikuwa pia mkimbiaji hodari. Mwaka 1947 alimaliza marathoni kwa saa 2 na dakika 46.

Baada ya vita alirudi kwenye swali lake la ujanani. Mwaka 1950, akiwa Manchester, alichapisha andiko linalouliza kama mashine inaweza kufikiri. Badala ya kubishana maana ya kufikiri, alipendekeza mchezo. Mtu anaandikiana na wawili asiowaona, mmoja binadamu na mwingine mashine, kama tunavyoandikiana meseji. Akishindwa kuwatofautisha, kwa nini tuseme mashine haifikiri?

Mchezo huo ndio maarufu, lakini kwa mkulima jambo zito liko mwishoni mwa andiko. Turing alisema hakuna haja ya kutengeneza akili ya mtu mzima. Afadhali kutengeneza akili ya mtoto, kisha kuifundisha. Miaka mitatu nyuma, katika mhadhara London, alikuwa ameshasema kwamba ukiitaka mashine isikosee kamwe, usitegemee iwe na akili.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika Bagamoyo. Watafiti walipiga picha 2,756 za majani ya muhogo kwenye mashamba ya majaribio, wakazipanga: hili ni batobato, hili michirizi ya kahawia, hili limeshambuliwa na utitiri, hili ni zima. Mashine ikaonyeshwa mpaka ikajifunza kutofautisha. Kutokana na kazi hiyo ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania na taasisi ya kilimo ya IITA ikatoka programu ya simu iitwayo Nuru, ambayo ukishaipakua hufanya kazi hata bila intaneti. Kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2020, Nuru ilipatia kwa asilimia 65. Maofisa ugani walipatia kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Ilipopewa majani sita ya mmea mmoja badala ya jani moja, ilipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Kwa hiyo usikate shauri kwa jani moja.

Kwetu lakini zao kubwa ni ndizi. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, wamekusanya picha za migomba kuifundisha mashine ugonjwa wa fuzari na sigatoka nyeusi. Sasa fikiria mtoto aliyefundishwa magonjwa hayo mawili tu, akaletwa kwenye shamba la Kyerwa lenye mnyauko bakteria, ugonjwa unaojulikana Kagera tangu miaka ya 2000. Majani yanageuka njano kwa fuzari, na yanageuka njano kwa mnyauko bakteria pia. Mashine itachagua katika yale inayoyajua. Panga ndilo litakalotofautisha: ukikata mgomba wenye bakteria hutoka ute wa njano, na ndizi zake huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, wenye fuzari huonyesha michirizi ya wekundu-kahawia ndani ya shina. Panga hilo lipitishwe kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Turing mwenyewe aliishia kwenye mimea. Mwaka 1952 alichapisha hesabu zinazoeleza jinsi madoa na mistari inavyojitokeza kwenye viumbe, akaanza kuchunguza mpangilio wa majani na mbegu za alizeti.

Mwaka huohuo aliripoti polisi kwamba nyumba yake imeibiwa. Katika upelelezi alikiri kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanaume, kosa la jinai kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule. Alipatikana na hatia, na ili asifungwe alikubali kupewa homoni kwa mwaka mmoja. Serikali aliyoitumikia vitani ikamfungia milango ya kazi za siri. Alikutwa amekufa kitandani kwa sumu ya sayanidi, akiwa na miaka 41, kando yake kuna tofaa lililoumwa. Uchunguzi uliamua kwamba alijiua. Mama yake aliamini hadi mwisho kuwa ilikuwa ajali.

Kazi yake ya vita ilibaki siri hadi miaka ya 1970. Mwaka 2009 waziri mkuu Gordon Brown aliomba radhi kwa niaba ya serikali, na mwaka 2013 Malkia Elizabeth akamsamehe. Tangu tarehe 23 Juni 2021, siku yake ya kuzaliwa, sura yake iko kwenye noti ya pauni 50.